Barabara ya Sauti Zilizoharibika

Clarksdale ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya pamba na soya katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mgeni afikaye huko hupelekwa kwanza kwenye njia panda ya barabara kuu mbili, nambari 61 na nambari 49, mahali palipoinuliwa nguzo yenye magitaa ya buluu kwa ajili ya watalii. Hapo husimuliwa hadithi ya mpiga gitaa aliyekwenda usiku kumwuzia shetani roho yake ili apewe ufundi. Mgeni hupiga picha, kisha hushika njia yake. Hadithi hiyo tamu tutaiacha hapo hapo njia panda. Safari yetu inafuata jambo lisilo na shetani ndani yake, ila amplifaya iliyoumia, karatasi, na mtambo uliokufa nusu.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana anayetunga muziki kwa kompyuta. Kama yumo, hapana shaka umekwisha kusikia kutoka chumbani mwake gitaa au ngoma ikikwaruza kana kwamba spika imepasuka. Ukaingia kwa hofu ya gharama, ukakuta spika ni nzima. Uharibifu umo ndani ya programu, tena umewekwa kwa makusudi. Programu hizo zina orodha ndefu ya namna za kuiharibu sauti: ipo ya amplifaya iliyozidiwa, ya spika iliyochanika, ya santuri yenye vumbi, ya mkanda wa kaseti uliolegea, ya simu mbovu. Kijana huchagua moja kama mtu achaguaye kitambaa dukani. Lakini namna hizo hazikubuniwa na waandishi wa programu. Nyingi zina mahali zilipozaliwa na watu waliokuwapo siku ya kuzaliwa, na mbili katika zilizo maarufu kuliko zote zimo katika safari ya siku moja kwa gari.

Clarksdale, kando ya Mto Sunflower, ipo nyumba ya matofali iliyoitwa Riverside Hotel. Zamani ilikuwa hospitali ya watu Weusi, na ndimo alimofariki mwimbaji Bessie Smith mwaka 1937 baada ya ajali ya gari. Mwaka 1944 mama mmoja Mweusi aliifungua kuwa hoteli, na kwa kuwa hoteli za Wazungu hazikuwapokea wasafiri Weusi, karibu kila mwanamuziki aliyepita katika nchi ile alilala humo. Dhoruba iliiharibu nyumba hiyo mwaka 2020. Miongoni mwa waliopanga vyumba humo alikuwa Ike Turner, kijana wa mji ule ule, aliyekuwa na bendi iliyoitwa Kings of Rhythm. Mwanzoni mwa mwezi Machi 1951 bendi hiyo iliondoka Clarksdale kwa gari, vyombo vikiwa vimefungashwa kila mahali palipopatikana nafasi, ikaelekea kaskazini kwa barabara ya 61 kwenda kurekodi Memphis.

Barabara hiyo siku hizi ni pana na nzuri. Ni kilomita kama 120, na nchi yote ni tambarare mithili ya sinia. Tangu mwaka 1992 mashamba ya wilaya ya Tunica yamejengwa majumba ya kamari yenye taa nyingi, ambayo baadhi yamekwisha fungwa, nayo humshangaza msafiri kwa kuwa yametokea ghafla katikati ya pamba. Vijana wale wa mwaka 1951 hawakuyaona. Walichokiona ni barabara nyembamba na safari ya taabu. Katika taabu hizo amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, iliumia. Wenyewe hawakukubaliana namna ilivyoumia: Turner alisimulia habari ya mvua, na Sam Phillips, mwenye studio, alisema ilianguka kutoka juu ya gari. Wote wawili walikubaliana kwamba ilipofika Memphis na kuwashwa, haikutoa tena sauti safi.

Chumba walichofikia kiko nambari 706, Union Avenue, na mpaka leo kingali kimesimama. Phillips, Mzungu aliyetoka Alabama, alikifungua Januari 1950 kwa jina la Memphis Recording Service. Alirekodi harusi, mazishi, hotuba, chochote chenye malipo. Lakini shabaha yake ilikuwa kuwarekodi wanamuziki Weusi ambao hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha katika mji ule. Siku hiyo hapakuwa na amplifaya ya pili wala muda wa kupeleka ile ya kwanza kwa fundi. Phillips akajaza karatasi ndani ya spika ili kuishikiza, akasikiliza, akaona gitaa linalia kama saksafoni. Badala ya kulificha, akaliweka mbele ya kipaza sauti lisikike vizuri.

Inafaa tueleze kidogo kilichokuwa kikitendeka ndani ya sanduku lile, maana ndicho kinachotendeka hata ndani ya kompyuta. Uzi wa gitaa ukipigwa hutikisika, tuseme mara 110 kwa sekunde, na mtikisiko huo ukigeuzwa kuwa umeme hupanda na kushuka kama vilima laini. Kazi ya amplifaya ni kuvikuza vilima hivyo. Lakini kila amplifaya ina dari yake. Kilima kikikuzwa kupita dari, kilele chake hukatwa, na pale palipokuwa mviringo hubaki bapa. Mkato huo huzaa sauti mpya zisizokuwamo katika uzi: ya mara 330 kwa sekunde, ya 550, ya 770 na kuendelea juu. Sikio huzisikia zote pamoja na ile ya asili, ndiyo maana gitaa huonekana kunenepa na kufanana na ala za kupulizwa, ambazo kwa maumbile yake zina sauti nyingi za juu. Mitambo ya vali hukata kilele taratibu, na ile ya transista hukikata ghafla. Tofauti hiyo husikika hata kwa asiyejua sababu yake. Na kama spika yenyewe imechanika, karatasi yake hupigapiga na kuongeza mvumo kama wa nyuki.

Wimbo uliorekodiwa siku ile uliitwa "Rocket 88", wa kulisifu gari la aina ya Oldsmobile. Kampuni ya Chess ya Chicago iliutoa, na mwezi Juni 1951 ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za watu Weusi. Wako waandishi wanaouita wimbo wa kwanza wa roki. Ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza hauna mwisho, nami siuingii. Jambo linalonigusa ni jingine. Santuri ilitoka kwa jina la Jackie Brenston, mpiga saksafoni aliyeuimba, na bendi ikapewa jina la Delta Cats ambalo halikuwa lake. Turner, mwenye bendi, hakutajwa kuwa kiongozi wake, na kwa masimulizi yake mwenyewe kila mtu aliambulia kama dola 20. Brenston naye hakudumu katika sifa. Baadaye aliendesha lori, akafariki mwaka 1979. Ama Kizart, aliyeileta amplifaya, jina lake hujulikana na wasomaji wa vitabu vya historia tu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini watu waliokuwamo chumbani hawakuona aibu kwa sauti ile mbovu? Jibu la haraka ni kwamba hawakuwa na fedha wala muda. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Katika nchi ile ya Delta watoto wengi walianza muziki kwa waya mmoja uliopigiliwa misumari kwenye ukuta wa nyumba ya mbao, wakauchezea kwa shingo ya chupa, na waya huo haukutoa sauti safi bali mlio wa kuvuma na kukwaruza. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyeanza utafiti wake wa muziki wa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutembea sana Afrika Mashariki, aliandika mwaka 1999 kitabu kizima kuhusu asili ya Kiafrika ya muziki wa blues. Yeye hakuielekeza asili hiyo kwenye pwani yetu, bali zaidi kwenye nyika za Afrika Magharibi. Hata hivyo kupenda mvumo ni tabia iliyoenea mbali zaidi ya huko. Ndugu zetu Wagogo wa Dodoma hutoboa tundu katika sanduku la ilimba na kulifunika kwa utando wa buibui, ili ulimi wa chuma ukiguswa sauti yake ifuatane na mvumo mwembamba. Waliomsikia marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, wanaukumbuka. Washona wa Zimbabwe huifungia mbira yao makombe au vifuniko vya chupa kwa sababu iyo hiyo. Mchezaji wa ilimba akiondolewa utando ule hatashukuru kwa kusafishiwa sauti. Atatafuta utando mwingine.

Basi vijana wa Clarksdale waliponyang'anywa sauti safi na ajali ya njiani, masikio yao hayakuwa ugenini. Naona ni kuwakosea heshima kusema kwamba walibahatika tu.

Kutoka Memphis msafiri hugeuka mashariki. Ni kilomita kama 340 kwa barabara kuu nambari 40, kwanza tambarare, kisha baada ya kuvuka Mto Tennessee nchi huanza kuinuka vilima vyenye misitu. Mwisho wake ni Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee na makao ya muziki wa kantri. Hapa hakuna umaskini wa Clarksdale. Katika mtaa wa Sixteenth Avenue South, miaka ya 1950 ya kati, ndugu wawili Owen na Harold Bradley walisimamisha nyuma ya nyumba yao ya studio banda la bati lenye umbo la nusu pipa, la aina iliyotumiwa na majeshi wakati wa vita kuu ya pili. Likaitwa Quonset Hut. Humo walifanya kazi wanamuziki hodari waliolipwa kwa saa, na mitambo ilikuwa ya hali ya juu.

Humo ndimo, mwishoni mwa mwaka 1960, mwimbaji Marty Robbins alipokuwa akirekodi wimbo "Don't Worry". Ni wimbo wa mapenzi, mpole kama maji ya mtungi. Katikati yake mpiga gitaa Grady Martin alipaswa kupiga kipande kifupi kwa gitaa la besi lenye nyuzi sita. Transfoma ya njia moja ya meza ya kuchanganyia sauti ikaharibika, na gitaa lililopita katika njia hiyo likatoka likikoroma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Palikuwa na mabishano kama kipande kile kifutwe. Kikaachwa, na mwaka 1961 wimbo ukakaa nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri kwa majuma 10.

Fundi mitambo wa siku ile, Glenn Snoddy, alisimulia baadaye kilichofuata. Wanamuziki wengine walianza kuja wakitaka sauti ile ile. Naye akawaambia kwamba haipo, kwa kuwa ile njia mbovu ya meza ilikuwa imekwisha kufa kabisa. Nafikiri hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Chombo kizima kinaweza kutunzwa miaka mingi, lakini chombo kibovu kiko njiani kuelekea kufa, na uzuri wake, kama kina uzuri, ni wa muda. Snoddy na mwenzake Revis Hobbs wakakaa kutengeneza mtambo mdogo wa transista tatu ambao ungeharibu sauti kila siku kwa namna ile ile. Kampuni ya Gibson ikauuza tangu mwaka 1962 kwa chapa ya Maestro na jina la Fuzz-Tone: kisanduku cha kuwekwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu. Katika matangazo yake wanunuzi hawakuambiwa kuwa ni sauti ya ubovu. Waliambiwa kuwa gitaa lao litaweza kulia kama tarumbeta au fidla kubwa. Wanunuzi hawakuwa wengi, mpaka mwaka 1965 kundi la Rolling Stones la Uingereza lilipokitumia katika wimbo "Satisfaction". Mpiga gitaa wao, Keith Richards, naye alikuwa amekusudia kwamba baadaye mahali pake pawekwe tarumbeta za kweli. Baada ya hapo visanduku viliwaishia wenye maduka.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo Snoddy na Hobbs walipewa hataza ya uvumbuzi wao. Sisemi kwamba walimwibia mtu. Kazi ilikuwa yao, nao waliifanya kwa akili na mikono yao. Lakini msafiri aliyetoka Clarksdale asubuhi hawezi kuacha kupima. Transfoma iliyoharibika katika banda la Nashville ilizaa hati ya serikali yenye nambari, majina mawili na michoro. Spika iliyojazwa karatasi Memphis, miaka 10 kabla yake, haikuzaa hati yoyote. Karatasi haiandikishwi.

Banda lile la bati bado lipo. Kampuni ya Columbia ililinunua mwaka 1962, baadaye likageuzwa ofisi, na kisha likakarabatiwa, likawa mahali pa kujifunzia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Belmont. Siku hizi mwanafunzi wa ufundi wa sauti popote duniani, Nashville au kwingineko, hukutana na ubovu wa namna zote katika kompyuta moja. Programu ya Ableton Live, inayotengenezwa Berlin, ina kifaa cha kuigiza makosa ya sindano inapopita katika mfereji wa santuri. Kampuni ya iZotope ya Massachusetts inayo programu iitwayo Vinyl, ambamo mtumiaji huchagua mwongo anaoutaka, tuseme miaka ya 1930 au ya 1970, na wimbo alioutunga asubuhi hiyo hutoka kama santuri ya babu yake, vumbi na mikwaruzo ndani yake. Kampuni ya Goodhertz huuza iitwayo Lossy, yenye kuigiza muziki uliobanwa mno ili upite katika simu au mtandao dhaifu. Nakiri kwamba hii ya mwisho ilinichekesha, maana wako kwetu wanaoipata sauti hiyo kila siku bila kuinunua.

Lakini yapo pia maharibifu ambayo vali na transista hazikuyajua, yaliyo ya kompyuta yenyewe. Kompyuta haihifadhi vilima vya sauti. Huvipima mara nyingi kwa sekunde na kuandika tarakimu. Katika sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kwa sekunde, na kila kimoja huchagua ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Sasa mpe kijana kitufe cha kupunguza ngazi hizo hadi 16 tu. Kilima laini kinakuwa ngazi za jengo, na sauti inatoka ikisaga kama changarawe. Mpe kitufe cha pili cha kupunguza idadi ya vipimo, na ajabu nyingine hutokea. Kwa vipimo 44,100 kompyuta haiwezi kutambua mtikisiko unaopita nusu ya idadi hiyo. Basi mtikisiko wa mara 30,000 ukizaliwa ndani yake, hurudi kama mwangwi uliogonga ukuta, ukasomwa kuwa 14,100. Sauti hiyo haina ujamaa wowote na wimbo uliokuwa ukipigwa. Mafundi walitumia miaka mingi kuifukuza mitamboni, sasa inauzwa.

Hata ngazi chache zina historia ya uhaba. Mashine iitwayo SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na kumbukumbu ya sekunde 10 hivi tu, na ngazi zake zilikuwa 4,096. Watunzi wa muziki wa rap wa New York waliicheza santuri kwa kasi kubwa ili iingie katika sekunde hizo chache, kisha wakairudisha polepole ndani ya mashine, na katika kurudi huko ikapata ukavu ambao leo unaigizwa na programu kadhaa. Na hapa petu vijana wa singeli wa Dar es Salaam, katika vyumba vidogo, wanaisukuma sauti ya kompyuta kwa kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kazi zao zilikusanywa katika albamu "Sounds of Sisso", iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Bado sijaona kitufe kilichopewa jina la mtaa wao. Kikitokea, ningependa kujua kimetengenezwa wapi, na jina la nani limeandikwa chini yake.

Kwa anayekusudia safari hii, chumba cha Union Avenue huonyeshwa wageni mchana, na usiku wanamuziki hurekodi humo. Tangu mwaka 2003 kimehesabiwa miongoni mwa majengo ya historia ya taifa la Marekani. Clarksdale inayo makumbusho ya blues katika stesheni ya zamani ya reli, yaliyoanzishwa mwaka 1979. Asiyeweza kusafiri azitafute nyimbo zile mbili, "Don't Worry" na "Rocket 88", azicheze mbele ya watoto wake. Katika wimbo wa Robbins ubovu hauhitaji kutafutwa: wimbo unafika katikati, na gitaa linakoroma peke yake, kila mtu akalisikia. Katika wimbo wa mwaka 1951 inampasa mtu kusikiliza kwa makini zaidi. Saksafoni ndiyo iliyopewa nafasi ya kujionyesha. Gitaa la Kizart halikupewa kipande cha peke yake. Liko chini ya piano, likirudia mwendo ule ule mzito wa besi tangu mwanzo hadi mwisho, na karatasi ikivuma ndani ya spika.